Bondia Wetu Alipopanda Kilo Nne

Mashine ya kukoboa mpunga nilikokuwa nabeba magunia, pale Kilosa, ilikuwa na mizani iliyoaminiwa kuliko mtu yeyote mtaani. Wakulima walibishia bei, walibishia weupe wa mchele, walibishia hata zamu, ila mizani hawakuibishia. Ndiyo maana bondia wetu naye alipimiwa pale, juu ya bamba lile lile la chuma, akiwa na chupi tu, na kina mama waliokuja kukoboa wamegeukia ukutani wakicheka.

"Mkoboeni kwanza, atapungua!" mmoja wao alisema bila kugeuka.

Siku hiyo alitakiwa asizidi kilo hamsini na saba, uzito wa unyoya, kwa ajili ya pambano la Morogoro. Asubuhi yote alikuwa amekimbia njia ya Kimamba akiwa amevaa koti la mvua, na tangu jana yake hakuwa ameweka kitu mdomoni zaidi ya kipande cha barafu. Alikuwa ametema mate kwenye chupa mpaka mate yenyewe yakagoma. Akapanda. Mshale ukapita alama, ukatulia huko. Kocha akamwambia atoe pumzi. Akatoa yote. Mshale haukuona tofauti.

Alishuka, akakaa juu ya gunia la mtu, akasema kwa sauti ndogo, "Kocha, nadhani nimekua."

Ni kweli alikuwa amekua. Kazi yake ya kufyatua tofali kando ya mto Mkondoa ilikuwa imempanua mgongo, na umri nao ulikuwa umemfikisha pale ambapo kijana huacha kuwa mrefu akaanza kuwa mpana. Pambano la Morogoro likafutwa, na mchana huo huo alikula sahani mbili za wali na maharage huku akitokwa na machozi. Hatukujua kama yalikuwa ya huzuni au ya pilipili.

Hapo ndipo shauri la mama yake lilipoingia. Mama huyu alizaliwa milimani, upande wa Berega, Mwanglikana wa kwaya, mtu wa kuongea polepole na kutorudia neno. Ngumi hakuzipenda kabisa. Alikuwa amemruhusu mwanawe kwa sharti moja, tena alilitamka mbele ya kocha: "Siku utakayopigwa ndiyo siku utakayoacha. Sikulea meno hayo ili mtu mwingine ayaokote."

Sharti hilo lilikuwa jepesi kulibeba, kwa sababu katika uzito wa unyoya hakuna aliyekuwa amempiga. Alikuwa na ngumi ya kulia fupi, isiyojitangaza. Mpinzani alikuwa anaiona ikiwa imeshafika. Raundi ya pili, ya tatu mara chache, jamaa anakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa asubiri zamu yake. Mapambano yake yote yalikuwa hivyo. Sasa ama aache, ama apande akakutane na watu wakubwa zaidi, na akipigwa huko, ndiyo mwisho. Mama hakuwa mtu wa kubembelezeka, na kijana hakuwa mtu wa kumdanganya mama yake.

Kocha, ambaye mchana alikuwa fundi baiskeli, alitafuta kwenye simu mpaka akapata nafasi. Mikumi kulikuwa na pambano la raundi sita, kilo sitini na moja, na kijana mmoja wa Magole alikuwa bado hajapata mtu wa kupigana naye.

"Kilo nne tu," kocha alisema. "Mfuko mdogo wa sukari."

"Na ngumi yake itapanda naye?" niliuliza.

Kocha alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza kama baiskeli ina breki. "Mtu akiongezeka, ngumi inaongezeka. Unauliza nini wewe?"

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa. Tangu hapo nimekata mkonge, nimepakia vitunguu Lumuma, nimeosha vioo vya malori pale Mikumi, na kila nilipofika nimechosha watu kwa maswali. Hili la kilo nne lilinikaa kichwani kama punje kwenye jino. Nilimuuliza mama mwenye mashine, akasema gunia lililojaa likikuangukia linaumiza kuliko nusu gunia, kwa hiyo atapiga zaidi. Nilimuuliza dereva wa lori, akasema gari lililojaa linapanda mlima kwa shida, kwa hiyo atachelewa. Wote wawili niliwaona wana akili, na ndicho kilichonisumbua. Nikatafuta video kwenye simu. Nikaona mabondia waliopanda uzito na ngumi zao zikageuka kama za kupiga hodi, na wengine waliopanda nazo zikabaki vilevile, watu wakubwa wanaanguka kama wadogo. Sikuona aliyeeleza tofauti ikanitosha.

Wakati mimi nauliza, wengine walikuwa wanapika. Mtaa mzima ulimchukua bondia wetu kama mradi. Huyu analeta mayai, yule uji wa karanga, mwenye bucha anamwekea supu ya makongoro kila asubuhi. Akapanda haraka. Na begi nalo likaanza kutupa habari njema.

Begi letu lilikuwa magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, tuliyoyashindilia pumba za mpunga na mchanga kidogo chini, tukaning'iniza kwenye boriti nyuma ya mashine. Tulilijaza wakati wa masika. Alipokuwa kilo hamsini na saba, ngumi yake ya kulia ililisogeza kiasi cha hatua fupi. Sasa, wiki baada ya wiki, lilikuwa linaenda mbali zaidi. Mwezi wa saba ulipofika lilikuwa linapaa mpaka linagonga bati. *Bwaa!* Kina mama wakiwa kwenye foleni wanashangilia. Makuli wanaacha magunia waje kutazama. Kocha alikuwa anatembea huku na huko akitabasamu, mikono imejaa grisi.

"Mnaona? Kilo nne hizo. Yule wa Magole tutamrudisha nyumbani amelala."

Bondia mwenyewe alianza kutembea kwa mabega. Mama yake alipita siku moja na ndoo kichwani, akasikia bati linavyolia, akauliza, "Mnabomoa?" Akaambiwa ni ngumi ya mwanawe. Niliona ameondoka na wasiwasi mdogo kuliko aliokuja nao.

Wiki mbili kabla ya pambano, kamba ya begi ililika. Kocha akaniambia nilishushe nibadilishe. Nilimwita kuli mwenzangu anisaidie, kwa sababu nilikumbuka tulivyolipandisha wakati wa masika, watu watatu tukihema. Kabla hajafika, nililikumbatia ili nilipime, likainuka. Nikasimama nalo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Kocha," niliita. "Njoo."

"Nini?"

"Begi limekonda."

Tukaliweka kwenye mizani. Mara ya mwisho, lilipojazwa, mama mwenye mashine alikuwa amelipima kwa utani akasema lina uzito kuliko mumewe. Sasa lilikuwa limepungua karibu theluthi nzima. Hakuna aliyeiba kitu. Tulizijaza pumba zikiwa mbichi za mvua, chini ya bati linalovuja, na tangu mvua zikatike jua lilikuwa linazikausha siku kwa siku, huku vumbi lake likichujika chini kila begi linapopigwa.

Jambo lililonichekesha mpaka nikakaa chini ni kwamba pale hapakuwa na mtu asiyejua habari ya unyevu. Ilikuwa ndiyo kazi yetu. Mkulima akileta mpunga, cha kwanza tunachukua punje tunang'ata, na ikiwa laini tunamrudisha akaanike, asije akatuuzia maji kwa bei ya mpunga. Tulikuwa tunang'ata mpunga wa wilaya nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuling'ata begi.

Bondia wetu hakucheka. Alisimama mbele ya mizani na mikono kiunoni. "Kwa hiyo ngumi yangu ni ile ile?"

"Inawezekana imeongezeka kidogo," kocha alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

Tulilijaza begi upya, pumba mbichi na mchanga, tukamwagia maji ndoo mbili. Akapiga. Begi likasogea hatua fupi, kama zamani, likarudi. Akapiga tena kwa hasira. Likasogea vilevile. Bati halikusikika.

Nikasema, maana kunyamaza siwezi, "Tujaribu kwa mtu."

Palikuwa na kuli mmoja mnene wa shingo, mtu wa kubeba gunia huku anasimulia hadithi. Tulimvalisha kinga ya kichwa, akakubali apigwe moja tu, kwa soda. Bondia wetu alimpiga ya kulia, ile ile iliyokuwa inakalisha watu. Kuli akayumba, akarudi nusu hatua, akapepesa macho.

"Ndiyo yenyewe hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe," bondia wetu alisema.

"Inauma. Sijakataa. Lakini nimeshaangukiwa na gunia la mahindi, mdogo wangu." Akanyoosha mkono kuchukua soda yake.

Hapo nikaona nilichokuwa nakitafuta kwenye simu. Tulikuwa tunatazama mkono wake, na kilichobadilika kilikuwa shingo za watu. Kule kwenye unyoya alikuwa anapiga shingo nyembamba. Kwenye kilo sitini na moja angekutana na watu ambao siku zote wanapigwa na watu wa kilo sitini na moja, wamezoea. Na zile kilo nne tulizompa, sehemu kubwa ilikuwa supu na uji. Zilikaa tumboni na mashavuni, hazikwenda miguuni ambako ngumi inaanzia. Nilimwambia kocha hivyo. Alitaka kubisha, akatazama begi linalovuja maji, akaacha.

"Kwa hiyo tumekwisha," bondia wetu alisema. Alikuwa anatazama upande wa nyumbani kwao.

"Hujaisha," kocha alisema. "Umezoea kumaliza kazi kwa ngumi moja. Sasa utajifunza kazi ya ngumi nyingi."

Wiki mbili hizo zilikuwa ngumu kuliko zote nilizowahi kuziona, na zilikuwa na furaha kuliko zote. Supu ikakatwa. Akapandishwa milima na tofali mikononi. Makuli wakawa wanapokezana kupigana naye kila jioni kwa sharti kwamba akimpiga mtu ya kulia anapiga pushapu, kwa hiyo mkono wa kushoto ukalazimika kuamka. Alijifunza kupiga mbavu, kutoka, kurudi, kupiga mbavu zile zile. Makuli walikuwa wanaondoka wameinama upande mmoja.

"Kichwa cha mtu ni mlango wa chuma," yule mwenye shingo alimwambia. "Lakini mbavu ni dirisha. Gonga dirisha."

Pambano lilikuwa Jumamosi mchana, Mikumi, kwenye uwanja wa nyuma wa baa moja kando ya barabara kuu. Tulikwenda na pikapu ya mashine. Mama yake alikuja pia, kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa amefunga chakula kwenye kitambaa na kuchukua kanga ya ziada, na alituambia wazi kwamba kanga ni ya kumfunikia mwanawe wakati wa kurudi. Malori yalikuwa yamepangana, madereva wamekaa juu ya mabodi kwa sababu ya kukwepa kiingilio.

Kijana wa Magole tulimkuta ameketi peke yake chini ya turubai, glovu zimeshafungwa. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafugaji waliohamia toka kanda ya ziwa, na alikuwa na mikono ya mtu aliyeshika jembe la ng'ombe tangu utotoni. Alipomwona mama akasimama haraka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umetoka nyumbani umekula?"

"Nimekula mama."

"Ndiyo wewe unapigana na mwanangu?"

"Ndiyo mama. Samahani."

Mama alimkagua toka miguuni mpaka kichwani, safari ndefu. Akanigeukia mimi. "Hawa walipimwa mizani moja?"

"Moja, mama."

"Mh," akasema, akakaza fundo la kanga yake.

Raundi ya kwanza bondia wetu alifuata mafunzo kwa dakika moja hivi. Kisha yule kijana akaacha kidevu wazi, na mazoea ni mazoea. Ile ya kulia ikatoka, fupi, haikujitangaza, ikafika pale pale inapofikaga. Nimeziona nyingi. Hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Madereva wakainuka juu ya mabodi.

Kijana wa Magole akarudi hatua mbili, akatikisa kichwa, akamtazama mwenzake kwa heshima. Akaja.

"Lori hilo!" dereva mmoja akapiga kelele. "Halishtuki na jiwe!"

Mwisho wa raundi ya pili bondia wetu aliangushwa. Haikuwa ngumi ya ajabu, ni kwamba alikuwa bado ameduwaa kuona ya kulia haikuangusha. Refa akaanza kuhesabu, na kabla hajafika tatu mama alikuwa amesimama, kanga ya ziada mkononi.

"Basi! Ameshapigwa, twendeni nyumbani!"

"Mama, bado," kocha alisema akiwa amemshika mkono. "Akisimama anaendelea."

"Si ameanguka?"

"Kuanguka siyo kupigwa, mama. Kupigwa ni mwisho."

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Mimi ndiye niliyeweka sheria!"

Wakati wanabishana bondia wetu alikuwa ameshasimama, anamwonyesha refa glovu. Alitazama upande wa mama yake, siyo upande wa mpinzani, na nadhani hapo ndipo akili ilipomrudi. Kengele ikalia. Kwenye kona kocha hakumwambia kitu kirefu. Alimpangusa uso akasema, "Dirisha."

Raundi ya tatu ilianza mchezo mwingine. Kushoto mbavuni, toka. Kushoto mbavuni, kushoto tena, toka. Ya kulia alikuwa anaionyesha tu, na kila akiionyesha yule kijana anapandisha mikono, maana alikuwa ameionja na hakutaka tena. Kumbe ngumi ambayo haiangushi bado ina kazi. Inatisha mlango ili dirisha lipigwe. Raundi ya nne kijana wa Magole alianza kupumua kwa mdomo. Ya tano kiwiko chake cha kulia kiligandana na ubavu kikakataa kutoka. Hakuanguka. Ya sita alikuja na nguvu zake zote zilizobaki, akampiga wetu ngumi tatu kali, na wetu akasimama akapokea, akarudisha nne ndogo. Madereva walikuwa wanapiga honi. Mama alikuwa amesahau kukaa tangu raundi ya pili.

Majaji wawili wakampa ushindi bondia wetu, mmoja akampa wa Magole. Kelele zilizuka, nikamrukia kocha, na vijana wawili wakakumbatiana katikati ya ulingo wakiwa wamevimba kama maandazi.

Mama alisubiri tutulie. "Sasa nielezeni. Amepigwa au hajapigwa?"

"Ameshinda, mama!"

"Sijauliza hilo. Nimeona kwa macho yangu anapigwa. Jicho lile ni la mtu aliyepigwa."

"Lakini pointi..."

"Yule mzee mwenye kalamu amempa mwenzake. Naye hakuona vizuri?"

Tulianza safari ya kurudi jua likiwa bado juu, sisi nyuma ya pikapu, mama akiwa amekataa kukaa mbele ili aendelee na kesi. Kocha alimweleza pointi toka Mikumi mpaka tunapita kijiji cha Ulaya, ngumi safi ni ipi, ya kuzuiwa ni ipi, jaji anatazama nini. Mama alikuwa anauliza, anarudisha nyuma, anauliza tena. Bondia wetu alikuwa amelalia kanga ile ya ziada, mdomo umevimba upande mmoja. Alijua kwamba hakimu wa kweli hakuwa na kalamu. Mara mbili alijaribu kusema, mama akamwambia anyamaze, midomo ipoe.

Baadaye maswali ya mama yakaisha, akabaki anamtazama mwanawe. Vumbi lilikuwa linatufuata. Tukavuka daraja moja, tukavuka la pili. Ghafla akakunja ngumi ya kushoto, akamchoma mwanawe ubavuni, na hakumbembeleza.

"Hapa," akasema.

"Aa! Mama!"

"Ile ya raundi ya tano uliipeleka juu mno. Mtoto wa watu alikuwa ameshaachia hapa, chini ya kiwiko. Niliona kabisa. Nilikuwa nakuambia, husikii."

Kocha alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumwombea kijana wake, nilijua, maana alikuwa amenisomea mimi tangu asubuhi. Hayakuhitajika tena.

"Lakini kilo usiongeze tena," mama aliendelea, akifungua kitambaa cha chakula na kumkatia mwanawe kipande kidogo cha ugali, kidogo kuliko tulivyotegemea. "Hao waliopo juu ya hawa siwataki. Na yule wa Magole, mtarudiana naye lini?"